Machungwa ya Kusafisha Damu

Jumatatu, 2 Juni
Mke wangu Robi kaondoka! Kambeba mtoto, kaenda kwao Nyamwaga. Eti Mokami anakohoa na nyumba nzima inanuka sigara. Nikamwambia nimeacha. Akasema hiyo nimeshaiacha mara nyingi mno. Hatarudi mpaka vipimo vionyeshe damu yangu haina sigara. Damu! Haya ni maneno ya kaka yake, Heche. Tangu aache kuvuta amekuwa mhubiri.

Jumanne, 3 Juni
Sikulala. Kitanda kimekuwa kikubwa mno. Watafiti wapo zahanati hapa Turwa, wanapima damu za wavutaji. Nikamwendea Mwantumu, mtaalamu wao wa maabara, nikajifanya namuulizia rafiki. Akasema moshi wa sigara unamaliza vitamini C mwilini, pamoja na vile viini vinavyolinda damu isiharibike. Kumbe! Kama vitamini inapungua, si naijaza tu? Mwantumu alikuwa bado anaeleza, lakini mimi nilishafika sokoni. Nimerudi na gunia la machungwa.

Jumatano, 4 Juni
Machungwa asubuhi, mapera mchana, ndimu jioni. Katikati, sigara, nyuma ya migomba. Midomo inawaka, tumbo linanguruma. Heche akapita, akauliza naumwa nini. Nasafisha damu, nikamjibu. Akanusa hewa, akasema kesho atanisindikiza kupimwa. Nani kamwalika?
Nikampigia Robi. Nikamsikia mtoto akikohoa. Nikakata simu. Nikatoka nje kuvuta.

Alhamisi, 5 Juni
Nimetolewa damu. Nzuri, nyekundu! Heche alikaa pembeni kama askari. Majibu Jumatatu. Nitafanya nini mpaka Jumatatu? Nimeshafagia uwanja mara mbili.

Jumatatu, 9 Juni
Robi amekuja zahanati na mtoto. Mwantumu akasoma: vitamini C iko vizuri. Nikamkonyeza Heche. Chembe nyekundu za damu ziko juu. Nikapiga makofi, nina damu nyingi!
Mwantumu akasema hiyo siyo sifa. Moshi una gesi kama ile ya jiko la mkaa, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, basi mwili unahangaika kutengeneza chembe nyingine. Halafu kuna mabaki ya tumbaku, mapya kabisa.
"Baba Mokami, machungwa hayafuti sigara. Ulivuta lini mara ya mwisho?"
Nikasema mwaka jana. Hata Heche aliangalia chini.
Robi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimfunika mtoto, akasema, "Nilikuja na mabegi yangu yote. Nilijua leo tunarudi nyumbani."
Nikawatazama wakipanda gari la Nyamwaga. Sikuweza hata kupunga mkono.

Jumanne, 10 Juni
Nimetupa pakiti chooni. Safari hii kweli! Tangu asubuhi sijavuta. Mikono inatetemeka. Nimegombana na kuku.
Mchana nikakutana na mzee Simoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanifungulia kikopo cha ugoro. Nikasimama kama niliyepigwa radi. Mwantumu amelalamikia nini siku zote? Moshi! Na ugoro una moshi? Hauna!
Nimemwandikia Robi kwamba sigara basi, namwapia. Akajibu neno moja: kapime. Nitapima! Kesho nakwenda kifua mbele. Acha kwanza ninuse kidogo, mikono itulie.