Laptopu ya Funguo na Bawaba Zake

Mimi ni fundi viatu, na benchi lililo mbele ya kibanda changu ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia hujisahau. Asubuhi ile walishajazana hata sijatoa sindano: Msumari, seremala wa jirani, Mama Chupa, muuza kahawa wetu, na Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la sita ila gazeti haliachi.

"Sikilizeni," Profesa akasema, kaishikilia miwani yake yenye mkono mmoja. "'Laptopu za kujikunja kwa wenye biashara ndogo. Bei nafuu, hugeuka mpaka mgongo kwa mgongo. Mtaalamu wetu amezipa nyota tatu na nusu kati ya tano.'"

"Hiyo nusu nyingine kaila nani?" akauliza Mama Chupa.

"Ni alama tu, mama."

"Alama gani? Mimi nikikuletea kahawa ya nyota tatu na nusu utainywa?"

"Mbona tunainywa kila siku?" nikasema. Akaninyang'anya kikombe.

Msumari alikuwa amenuna. "Mlango ukigeuka mpaka mgongo kwa mgongo, huo umeng'oka. Mimi nikikutengenezea kabati la hivyo, utaniita fundi au utaniitia polisi?"

Kabla hajajibiwa, akatokea Funguo. Huyu ni dalali wa nyumba, na siku zote hutembea na rundo la funguo kiunoni na faili lililochanika kwapani. Siku hiyo faili halikuwepo. Alikuwa amekumbatia kitu chembamba cha kijivu, anatembea polepole, hata mawe ya njiani anayazunguka.

"Usiniambie umenunua," nikasema.

"Nimenunua, kaka! Ile ile ya gazetini." Akaketi, akakifunua. "Saa nne anakuja yule mama mkurugenzi anayetaka nyumba kubwa ya kona aifanye ofisi. Namwonyesha picha, nageuza kioo upande wake, anatia sahihi kwa kidole, kwisha habari."

"Na akikataa?"

Uso ukamshuka. "Asikatae, jamani. Miezi mitatu sijapangisha hata banda la kuku. Mke wangu amesema huyu akiniponyoka, nikalale na hizo funguo."

Hapo tukamwonea huruma, na kijiweni kwetu huruma maana yake ni kukusaidia kukagua ulichouziwa.

"Rami ngapi?" Profesa akauliza, yaani kumbukumbu ya mashine.

"Gigabaiti nane."

"Zinatosha," Mama Chupa akasema. "Nyumbani kwako si mko watano?" Kisha akapitisha kiganja chini ya laptopu, akakirudisha mbio. "Loo! Hii ina moto kuliko chupa zangu! Wapangaji wakikosekana, bandika maji."

"Inasimama pia kama hema," Funguo akasema, akiisimamisha.

"Nani analala humo?"

"Mama, hii ni ya kibiashara!"

"Hata mimi nafanya biashara. Mbona sijikunji?"

Funguo akaona anazidiwa, akatoa silaha yake ya mwisho. "Semeni mtakavyo. Muuzaji ameniapia kwamba bawaba zake zinavumilia kukunjwa mara elfu ishirini."

Laiti angenyamaza. Msumari alichomoa penseli sikioni taratibu.

"Nani alihesabu?"

"Huko kiwandani."

"Ulikuwepo?"

"Ningekuwepo vipi?"

"Basi hujui. Tuhesabu."

"Elfu ishirini?" Profesa akashtuka. "Saa nne itatukuta hapa, na kesho saa nne itatukuta hapa hapa."

"Tunaonja tu. Mia tatu. Zikipita mia tatu, nampa mkono muuzaji."

Funguo alilia, alisihi, hakuna aliyemsikia. Msumari aliweka ubao magotini akawa anachora mstari kila laptopu ikifunguliwa na kufungwa. Tulipeana zamu. Mimi nilikunja mara hamsini na sioni haya kusema nilifaidi. Ilipofika mia mbili na kumi na nne, mikononi mwa Mama Chupa, ikalia: ka!

"Imeshusha pumzi tu," Mama Chupa akasema, akamrudishia mwenyewe haraka.

Kioo kiliwaka, picha ya nyumba ikaonekana, lakini imesimama kwa paa. Funguo akaipindua laptopu. Nyumba nayo ikapinduka. Akailaza, nyumba ikalala ubavu. Alikuwa ameishika kichwa chini, naye mwenyewe shingo kaipinda, gari liliposimama mbele yetu akashuka mama mmoja nadhifu mwenye mkoba.

"Bwana Funguo ni nani?"

Tulimwangalia Funguo. Yeye aliangalia viatu.

"Ni mimi, mama. Karibu. Nyumba yako ni hii, ila kwa sasa... imeinama kidogo."

Mkurugenzi hakuiangalia picha. Aliuangalia ubao wa Msumari. "Na hii mistari?"

"Tunahakiki madai ya muuzaji," Profesa akajibu, akijiweka sawa. "Kasema elfu ishirini. Imeguna kwenye mia mbili na kumi na nne."

Yule mama alicheka mpaka akaegemea gari. "Ofisini nina wakaguzi sita, hakuna aliyewahi kukagua hata kiti anachokalia!" Kisha akamgeukia Funguo. "Hii laptopu ndiyo ninayotakiwa kutilia sahihi?"

"Ndiyo, mama. Kwa kidole."

"Nitatia, tena hata leo. Lakini kwanza hawa wazee wakaikague nyumba kama walivyoikagua laptopu. Wakisema nzima, nachukua kwa miaka mitano. Ingieni garini."

Hajamaliza, Mama Chupa keshakaa kiti cha mbele na chupa zake. Profesa alikunja gazeti. Nikafunga kibanda, maana miaka mitano si mchezo. Funguo tulimweka nyuma katikati, anatokwa jasho, laptopu mapajani inazidi kumchemsha.

"Hiyo nyumba ina milango mingapi?" Msumari akamuuliza, akichonga penseli kwa wembe.

"Kumi na mmoja."

"Vizuri. Tutaanza na wa chooni. Ukiona wa chooni unafunga sawasawa, hata hiyo mingine huna haja ya kuigusa."

Funguo alinishika mkono, akaninong'oneza sikioni, "Kaka, ule wa chooni haupo."