Ordinatere Isiyokunywa Mafuta

Jumatatu, 5 Julai 2004
Barabara imefungwa tena, Bunia nzima mafuta ya grupu ya umeme hayashikiki bei. Ordinatere yangu, kompyuta yangu ya kazi, inalala tu. Débora, mke wangu, amesema wazi: hali ikiendelea hivi, chumba changu cha kuandikia watu barua kitakuwa stoo ya unga wake, na mimi nitaenda Kilo kuchimba dhahabu na kaka yake Kamate. Mimi Blanchard! Na mgongo huu!

Jumanne, 6 Julai
Mungu iko! Mama Claire wa shirika la mazingira atatoa paneli ya jua kwa chumba cha kuandikia kinachotumia mafuta kidogo kuliko vyote. Anakuja kukagua Alhamisi. Jirani yangu Joséphine, mshindani wangu, ameanza vituko: anazima ekra, kile kioo cha ordinatere, hata akienda kunywa maji, anachapa karatasi pande zote mbili, wino anaujaza upya kwenye kasha lilelile. Maskini! Yeye atapunguza matone. Mimi sitatumia hata tone.

Jumatano, 7 Julai
Nimetoboa ukuta chini ya meza. Waya umefika mpaka kwenye grupu ya Lambert, mwenye baa, inayonguruma kutwa kwa ajili ya muziki. Lambert hajui. Sikutaka kumsumbua.

Alhamisi, 8 Julai
Mama Claire amekuja, Joséphine nyuma yake ili ajionee. Ordinatere yangu inawaka, grupu yangu baridi kama maiti. Mama akauliza, sasa hii inakunywa nini? Nikamwambia nimeizoesha: mashini ni kama mutu, ukiifundisha kufunga, inafunga. Akaandika. Akaandika sana! Nikaanza kumwonea Joséphine huruma.

Halafu risasi, upande wa soko! Wote kifudifudi chini ya meza yangu. Na mji huu tunaujua, risasi zikilia kila mutu anazima grupu asisikike. Lambert akazima. Ordinatere yangu nayo, pu! Ekra giza. Mama Claire, shavu kwenye sementi, akawa anatazamana na waya wangu. Akanong'ona, unaenda wapi huu? Nikasema ni mzizi wa mti. Joséphine alicheka mpaka nikaogopa wenye bunduki watamsikia.

Ijumaa, 9 Julai
Paneli amepewa Joséphine. Lambert amekata waya, ametukana mpaka babu zangu. Débora hakutukana. Amefunga nguo zangu ndani ya kitenge. Lori la Kilo linaondoka Jumatatu. Nimelia, siyo siri.

Jumapili, 11 Julai
Baada ya misa Joséphine alituita. Akamwambia Débora asinipeleke Kilo, huko shimo la kwanza litanifukia. Mimi nije kuandikia kwake kila mchana, jua linatutosha siye wote. Akaniambia, "Ila weye, Blanchard, uache ujanja." Nikaapa mbele yao, machozi yananitoka. Mwanamke mwema, kweli! Débora akafungua kitenge.

Jioni nimekaa nikapima makosa yangu kwa haki. Ni moja tu: waya ulipita chini, na risasi zikilia watu wanalala kifudifudi. Paneli ya Joséphine iko juu ya bati, karibu kabisa na dari yangu. Huko juu nani atatazama? Kesho nitamwomba aniazime ngazi yake.