Kiti cha Dhahabu Chini ya Picha ya Mfalme

Jumatatu, 3 Novemba
Picha imefika. Inaonyesha ukumbi wa maigizo wa Ulaya, karne ya kumi na nane. Mfalme amekaa kwenye roshani ya pembeni, kapendeza huyo! Makabwela wamebanana juu kabisa, karibu na dari. Madam Harriet, bosi wetu, alitueleza sisi walinzi kuwa kwenye kiti kile mfalme haoni mchezo vizuri. Amewekwa pale aonekane. Nikaduwaa. Miaka minne nalinda picha kwenye jumba hili la sanaa, Al Quoz, huku kwa Waarabu, kumbe kosa langu ni kutoonekana! Alhamisi wanakuja wageni wakubwa, kisha madam anachagua supavaiza: mimi au Kenneth, yule Mganda wa mlangoni. Supavaiza analala chumba chake peke yake. Sisi tuko wanane. Halafu mama mkwe kule Bukoba nimeshamwambia cheo nimepata.

Jumanne, 4 Novemba
Nimesimama kwenye kijukwaa kitupu mbele ya picha, kifua mbele. Saa nzima! Watalii wakanipiga picha. Mama mmoja akamuuliza Kenneth mimi nimechongwa na nani. Kenneth kacheka mpaka kakaa chini. Mshamba.

Jumatano, 5 Novemba
Rafiki yangu Joha anapamba harusi kule mtaa wa Karama. Nimeazima kwake kiti cha bibi harusi, kile cha dhahabu. Akasema nikikichafua nitamtambua. Dereva wa basi la kampuni akagoma kukipakia, khalas, hataki kabisa, mpaka nikamwambia ni cha madam. Nimekificha stoo.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimekaa! Kijukwaani, mguu juu ya mguu, picha mgongoni. Wageni wote macho kwangu. Raha jamani! Bwana mmoja mwenye kikombe cha gahawa akapanda tupige selfi. Akarudi nyuma ili tuenee, akarudi tena, akajikwaa. Nilisikia kelele tu. Kugeuka, Kenneth ameshajirusha mbele ya picha, shati lake jeupe limeloa gahawa lote. Picha haikupata hata tone. Kiti cha Joha, usiulize. Madam akasema, Faustine, ulikuwa unaangalia wapi? Nikamjibu ukweli: pale nilipokaa, picha haionekani.

Jumamosi, 8 Novemba
Kenneth ndiye supavaiza. Nimempongeza, ila roho imeuma, siwezi kudanganya. Mimi nimehamishiwa ghorofa ya juu, kulinda makasha matupu, dari hii hapa kichwani. Mama mkwe kapiga mara tatu, sijapokea.

Lakini leo nilichungulia chini nikakohoa. Wageni wote wakainua vichwa kunitazama. Hata Kenneth! Mfalme mwenyewe hakutazamwa hivi. Nimempigia Joha kumwomba radhi. Na kumuuliza kama ana taji.