Hita Iliyogoma Wiki ya Mama Mkwe

3 Juni, Jumatatu
Hita ya bwawa la kuogelea la hoteli yetu imegoma. Nimewasha swichi, feni ikavuma, ndani kukasikika tik-tik-tik, halafu kimya. Taa nyekundu. Nikabonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Tik-tik-tik, kimya. Nikabonyeza tena. Jumla mara kumi na moja. Kitabu cha maelekezo kinasema mara moja tu, lakini aliyekiandika hanijui mimi.

Meneja wa hoteli akachungulia, akauliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna, naifanyia majaribio. Akasema afadhali, maana Jumamosi linaanza darasa la mazoezi ya majini: akina mama kumi na wawili wenye magoti mabovu, na daktari ametaka maji ya uvuguvugu. Kana kwamba sijui! Mmoja wao ni mama mkwe wangu. Amefanyiwa upasuaji wa goti, na ni mimi niliyemwahidi, mbele ya ukoo mzima, kwamba nitampashia maji mpaka ajione yuko kwenye sufuria. (Sikuchagua maneno vizuri.)

Maji: nyuzi kumi na tisa.

Mke wangu anataka tumwite kaka yake, fundi wa mitambo inayotumia mafuta kama hii. Shemeji! Yule anayeanza kujipangusa mikono kwa kitambaa cheupe kabla hujamaliza kueleza shida yako. Thubutu!

4 Juni, Jumanne
Nimempata mchawi! Chujio la maji. Maji yasipopita ya kutosha, hita haiwaki. Nimelifungua, nimetoa majani, nywele na bangili moja, nikalirudisha. Maji sasa yanapita kama mto. Hita: tik-tik-tik, kimya.

Mafuta hayawezi kuwa tatizo. Geji ya tangi inaonyesha nusu. Imeonyesha nusu tangu mwezi wa pili. Mashine hii haili mafuta kabisa, na nimeisifia kwa meneja mara nyingi.

Nilipobonyeza mara ya kumi na tisa, ikakohoa. PU! Moshi mweusi ukatoka dirishani na kutua kwenye mashuka ya dobi, yaliyokuwa ndiyo kwanza yameanikwa. Dobi akaja mbio kuuliza kama nina akili timamu. Nikamjibu kwa utulivu kwamba moshi ni dalili ya maendeleo. Akaniangalia uso uliojaa masizi, akacheka mpaka akakaa chini.

5 Juni, Jumatano
Tuachane na mashine. Jua! Kitu cheusi hunyonya joto. Nimefunika bwawa lote kwa nailoni nyeusi za mtunza bustani, bila kumwambia, maana alikuwa anakula na sipendi kukatiza watu wakila. Saa nane mchana: nyuzi kumi na tisa na nusu. Tumepanda! Kwa mwendo huu tunafika thelathini baada ya wiki tatu.

Mtunza bustani akamaliza kula. Maneno aliyosema siyaandiki.

6 Juni, Alhamisi
Meneja alitaka kuona kipimajoto kwa macho yake. Nikakichovya kwanza kwenye chai yangu. Akasoma nyuzi hamsini na nane. Akauliza kama tunachemsha mayai, kisha akatia mkono majini. Nikamweleza kwamba joto lote liko chini. Akajipangusa mkono, akasema kama kufikia kesho jioni maji hayajaanza kupata moto, darasa linafutwa.

Mama mkwe naye akapiga simu. “Mwanangu, nimeshanunua nguo ya kuogelea,” akasema. “Ya kwanza maishani mwangu. Ina maua!” Nikamwambia maji yako tayari. Sijui mdomo huu nimeutoa wapi.

Nikakaa juu ya ndoo kwenye chumba cha mitambo. Nikamkumbuka anavyoshuka ngazi kinyumenyume, akijifanya amesahau kitu juu ili tusione anavyoumia. Roho ikaniuma.

7 Juni, Ijumaa
Shemeji amekuja. Sikumwita! Nilimwambia tu mke wangu kwamba kaka yake kama anapita, apite.

Hakugusa kitufe. Akauliza kuhusu maji; akakagua chujio, akasema limesafishwa vizuri. (Nikajikohoza.) Akauliza kuhusu mafuta. Nikamwonyesha geji. Akaigonga kwa kidole, mshale ukaanguka mpaka sifuri. Akatumbukiza kijiti kwenye tangi, kikatoka kikavu. Hakunicheka. Bora angenicheka.

Meneja akaagiza dizeli, ikaja saa sita. Shemeji akalegeza nati ya pampu, akatoa hewa iliyokuwa imejaa kwenye bomba, akawasha. Moto ukaja, ukazima. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Akachomoa kidude kama jicho la samaki. Akaeleza kwamba jicho hilo ndilo linalotazama moto. Lisipouona, linakata mafuta. Lilikuwa limefunikwa na masizi. Akauliza nani alikuwa anabonyezabonyeza. Nikasema watu.

Akalipangusa, akalirudisha, akabonyeza mara moja. Vuuuum! Sauti tamu kuliko muziki wa harusi. Akaniusia nipime tangi kwa kijiti kila wiki, na hita ikizima mara mbili nimwite. Nikaitikia ndiyo shemeji, ndiyo shemeji.

8 Juni, Jumamosi
Nyuzi thelathini! Mama mkwe akaingia na maua yake, ameshika chuma cha ukingoni kwa mikono miwili. Akaachia mmoja. Akaachia wa pili. Akatembea mpaka ng’ambo ya pili, bila fimbo, bila kushikwa, akicheka kama msichana. Mke wangu alilia. Mimi maji ya bwawa yaliniingia machoni.

Mama akawatangazia wenzake kwamba hii yote ni kazi ya mkwewe. Shemeji alikuwa amesimama palepale. Nikafungua mdomo nimsahihishe mama. Nikaufunga. Shemeji akatabasamu tu, akaenda kumchukulia mama taulo.

10 Juni, Jumatatu
Jokofu kubwa la jikoni limeacha kugandisha. Meneja akapendekeza tumwite shemeji. Nikamuuliza, kwa heshima zote, ni nani aliyewasha hita. Nimeshalifungua. Skrubu zake ni nyingi kuliko nilivyotegemea, lakini nadhani nyingine ni za mapambo.