Mchango wa Hiari wa Chama cha Kasa

Chamsudine alikuwa karani wa mahudhurio tu, katika kampuni ya Palma inayofua mashuka ya kambi za gesi. Mkataba wa mtu hakuwa na uwezo nao, hata wake mwenyewe, maana mikataba yote ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Lakini kampeni ya uchaguzi ilipoanza, akaona wafuaji wanamwita chefe, yaani bosi, na kumwamkia mara mbili mbili kwa hofu, na akili yake ikachemka.

Akavaa fulana ya chama cha Kasa, ile yenye kola. Isiyo na kola wanapewa wapiga makofi.

“Jamani, chama kinaomba mchango. Meticais mia tano, hiari kabisa. Wasiotoa nitawaandika tu.”

“Utawaandika wapi, chefe?” aliuliza Wahida, mkuu wa pasi, ambaye jioni alikuwa fundi cherehani wa mtaa mzima.

“Kwenye orodha.”

“Inakwenda wapi?”

“Juu.”

Juu! Nani tena aulize? Mpaka Jumatano wafuaji wote arobaini walikuwa wametoa, wengine pesa ya unga wa watoto. Wahida alitoa wa kwanza, akaomba risiti.

“Dada Wahida, risiti ya mapenzi?” Chamsudine alicheka mpaka akashika ukuta.

Basi mpenda chama wetu akazifungia elfu ishirini kwenye droo, akaanza kuota friji la kuuzia samaki kule Quionga.

Alhamisi akaingia ofisini bwana mmoja mrefu, mkoba kwapani. Shati lake, lo! Limeshonwa kwa kapulana, kitenge cha kampeni, sura ya mgombea kifuani, mgongoni, mpaka mikononi. Mbele ya shati lile, kola ya Chamsudine ilikuwa kitu gani?

“Bernardino, katibu wa chama. Nimefuata michango.” Akatoa orodha, majina yote arobaini. “Mbona lako silioni?”

Friji lake hilo linakwenda! Lakini kukatalia pesa ya chama ni kutafuta jela.

“Mimi... nilikuwa nawatanguliza wenzangu, chefe.”

“Kiongozi huwa anatoa elfu mbili.”

Chamsudine akafungua droo, akatoa zote, na elfu mbili zake juu. Kwa sauti ndogo akaomba risiti.

“Risiti ya mapenzi?” alisema katibu, akaondoka.

Maneno yale yalimkera usiku kucha. Ijumaa mchana msafara wa Kasa ukapita barabarani, mgombea juu ya gari, kipara kinang'aa. Chamsudine akamtazama mara mbili. Yule wa kwenye shati la katibu alikuwa na nywele tele na masharubu! Alikuwa mgombea wa uchaguzi uliopita, ambaye kapulana zake siku hizi watu wanafunikia ndoo. Tusimcheke sana. Nani huitazama sura ya mgombea?

Na mtaani nani anashona kama si Wahida? Akakimbia mpaka chumba cha pasi. Wafuaji walikuwa wamezunguka masinia ya pilau, kila mmoja na mia tano yake mfukoni, na katikati yao yule katibu Bernardino, kumbe ni shemeji yake Wahida, fundi baiskeli wa Awasse, anatafuna paja la kuku.

Chamsudine angeshtaki kwa nani, na aanzie wapi?

“Karibu, chefe,” Wahida alimsogezea sinia. “Elfu mbili zako ndizo pilau hii. Kula ni hiari kabisa. Wasiokula tunawaandika tu.”

Akanawa mikono, akasogea kwenye sinia.