Nondo za Daraja la Rugu

Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, uliyezuiwa na mvua lakini kiti chako kimefika. Waheshimiwa wakungu, wakuu wa vijiji vyetu, pamoja na mashemeji zenu. Padri na Mchungaji, mliokubali leo kukaa benchi moja. Mwenye ng'ombe mia na mwenye ng'ombe mmoja. Akina mama mliobeba watoto, na ninyi watoto mliobebwa bila kuulizwa. Na mimi mwenyewe, Desderius, Mwenyekiti, Katibu na Mjumbe wa Kamati ya Nondo na Mambo Yanayofanana na Nondo: shikamooni wakubwa, na wadogo naitikia kabisa, marahaba. (Makofi. Mtoto analia.) Namshukuru mtoto huyo kwa kuunga mkono.

Ndugu raia, leo hii, mwaka huu wa 1954, tunafungua Daraja la Rugu, ambalo litamfikisha mgonjwa kwenye zahanati ile mnayoiona ng'ambo kabla ugonjwa haujajua kwamba ameondoka. (Vigelegele.) Na daraja ni zege. Zege lina tabia yake: ukililalia linavumilia, ukilivuta linapasuka, kwa hiyo ndani yake hulazwa fito za chuma, yaani nondo, zipokee huo mvuto. Sasa swali ni chuma cha nguvu gani, na kwa swali hilo kamati yangu imekaa vikao arobaini na kimoja, na katika vikao thelathini na tisa nilikuwa peke yangu, tukaelewana sana. (Kicheko. Mkungu mmoja anaamka.)

Fundi Yustasi, yule pale mwenye kofia ya vumbi, alinijia akasema, “Mzee, kwanza tujue daraja litabeba nini na mto una upana gani, ndipo tuchague nondo.” Nikamwambia, Fundi, hiyo si prosija, si utaratibu wa kiofisi. Prosija ni kuchagua nondo, halafu tunaitafutia mzigo! (Makofi ya wakungu.) Zikaja kutoka Bukoba nondo arobaini, ishirini laini na ishirini ngumu, na ile ngumu karatasi yake ya speshifikesheni ilikuwa na namba kubwa hata karani akavua kofia. Yustasi akaikunja ncha moja, ikakatika, pwaa! Akasema, “Hii haiagi, Mzee. Ile laini huanza kupinda, mtu akaona akakimbia.” Nikamwuliza, tangu lini Serikali ikanunua kitu kinachopinda? Nikisema nondo, semeni ngumu. Nondo! (“Ngumu!”) Nondo! (“Ngumu!”)

Wala sikuidharau sayansi. Nondo zote arobaini nimezifanyia testi ya mzigo, zimesimama mvua tatu mfululizo, usiku na mchana, na ripoti niliyoiandika mwenyewe inasema maendeleo ni asilimia mia moja na kumi.

(Sauti ya mama mmoja, Kokushubira, mtoto mgongoni: “Tata, zimesimama wapi?”)

Mahali pa kitaalamu, binti yangu.

(“Si shambani kwako? Mbona nimeziona zimeegemeza migomba!” Minong'ono.)

Ile ni testi. Mkungu wa ndizi ukiwa juu ya nondo ya Serikali, ni mkungu wa Serikali.

(“Na nani anaula?” Kicheko kirefu. Padri anatazama viatu vyake.)

Utulivu, waitu! Mwacheni mama aseme, huu ni mkutano wa watu wazima.

(“Tata, mwanangu ana miezi saba, kifua kinamkoroma tangu juzi. Zahanati naiona paa lake. Jana nimeingia mtoni maji yakanifika kifuani, nikarudi. Mimi sijasoma sana, lakini nikitaka kuegemeza mgomba nautazama kwanza mkungu, ndipo nakata mti wa mwega. Mkungu mdogo, mwega mwembamba. Mkungu mkubwa, mwega wenye panda. Wewe umeanza na mwega.” Makofi, na si ya wakungu.)

Karani aandike kwamba mama ameunga mkono hoja.

Na sasa nakata utepe. Nawashukuru waliouvusha asubuhi kwa kuogelea, wakaufunga kwenye mti huu na mti ule wa ng'ambo. (Utepe unakatika. Unaanguka majini, unakwenda na maji.) Na kwa kuwa pilau ya wageni imepikwa upande wa pili, naomba vijana wanne wanibebe. Nitawachagua kwa kubonyeza mikono. Wewe Kato, mgumu! Na wewe. Na ninyi wawili.

(Yustasi: “Mzee, mzigo haujapimwa!”)

Fundi, nyamaza. Twendeni. Ndugu raia, naendelea kuhutubia nikiwa juu, kama inavyostahili... Kato, mbona nashuka?

(Kato: “Mzee, tumefika mwisho wa ugumu wetu.” Wanamkalisha juu ya jiwe katikati ya mto.)

Msiniache hapa! Mnarudi kufanya nini?

(“Kumchukua mama Kokushubira. Mzigo wake tunauweza.”)

Basi, mpitisheni. Mwinueni juu, mtoto asilowe. Polepole hapo penye utelezi... hapo hapo... Amefika? (“Amefika!”) Amefika. Mungu ashukuriwe.

Ndugu raia, maji yananigusa magoti, kwa hiyo nafupisha. Nawashukuru kwa kuhudhuria ufunguzi wa daraja ambalo, kusema kweli, halijapata kuwapo, wala mchoro wake; kilichokuwapo ni nondo, na ndizi zangu. Pulkeria, mke wangu, nenda kang'oe zote, migomba na ianguke. Yustasi aupime mto, apime na watakaopita, kisha achague mwenyewe. Akitaka zile zinazopinda, zipinde! Nondo!

(“Zitoke shambani!”)

Nondo!

(“Zitoke shambani!”)

Ahsanteni sana. Sasa njooni mnitoe.