Vita vya Msumari Mmoja na Visu Kumi na Kimoja

Enyi mliokaa vitini na mliosimama milangoni, enyi wenye haraka na msio na pa kwenda, tulizeni nyoyo mnisikilize. Kwa maana naja kuwasimulia vita vya sebuleni, vilivyopiganwa mchana wa Jumamosi baina ya Baba yangu na ukuta, bila tarumbeta wala bendera, nami nikiwa nimekishikilia kiti alichopanda ili asianguke.

Alikuwako Baba, karani mstaafu wa masjala, mpole wa nyayo, Mwenye Miwani Mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Huyu alimiliki visu kumi na kimoja, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukata kitunguu. Kimoja kilikuwa na mpini wa pembe ya nyati uliozungushiwa waya wa shaba. Kingine kilichorwa majani ya mzabibu kwenye bapa, membamba kana kwamba yamepulizwa tu juu ya chuma. Kingine mpini wake ulikuwa shingo ya korongo, na mhunzi asiyejulikana alikuwa na subira ya kumtia ndege yule hata jicho. Baba alivikusanya kimoja kimoja kwenye meza za vitu vikuukuu na katika karakana za wahunzi, si kwa ajili ya makali, maana vingi vilikuwa butu kama kijiko, bali kwa ajili ya uzuri.

Kila Jumapili alivipangusa kwa pamba yenye tone la mafuta ya cherehani. Hakugusa bapa kwa kidole kitupu, kwa sababu jasho la kidole huacha alama, na alama hugeuka kutu. Kisha kila kisu kiliingia katika soksi yake, soksi zote katika sanduku, na sanduku chini ya kitanda. Huko ndiko sanaa ilikokaa miaka tisa, jirani na viatu vya mvua, wala hapakuwa na jicho lililoiona isipokuwa lake.

Na aliyeiweka huko ni Mama, fundi wa nguo, Malkia wa Cherehani, ambaye tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata akiwa anakula. Amri yake ilikuwa fupi. "Mgeni akiingia akaona visu ukutani," alisema, "atakunja miguu, atakunywa chai mbio mbio, halafu ataenda kuwaambia watu kwamba humu ndani tunapigana."

Hata ilipofika wiki ile sebule ikapakwa rangi mpya ya maziwa, na ukuta mkubwa ukabaki mtupu kama karatasi inayosubiri neno, moyo wa Baba ukashindwa kuvumilia. Aliketi mezani akamwandikia Mama barua rasmi yenye kumbukumbu namba na tarehe. YAH: OMBI LA KUTUNDIKA KISU. Akaweka sahihi, akaikunja mara tatu, akaipitisha juu ya meza ileile waliyokuwa wamekaa wote wawili.

Mama akaisoma hadi mwisho. Sijui aliona nini humo, ila aliikunja tena mara tatu kabla ya kutoa hukumu.

"Ombi limekubaliwa. Kisu kimoja, msumari mmoja, tundu moja. Ukiuharibu ukuta wangu, kisu kinarudi kwenye soksi, na habari hii tusiisikie tena mpaka tunazikwa. Na uwe umemaliza kabla wifi hajafika Jumamosi."

Wifi huyo ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba, Mkaguzi wa Nyumba za Watu, ambaye hajawahi kuketi kabla ya kupitisha kidole chake juu ya fremu ya dirisha na kukitazama.

Jumamosi ikawadia. Baba alivitandaza visu vyote juu ya taulo kitandani, akazunguka kitanda hicho asubuhi nzima kama jemadari anayekagua kikosi. Hatimaye akamteua korongo. Kisha akawageukia kumi waliosalia.

"Msinihesabie kosa," akawaambia kwa sauti ya chini. "Si kwamba ninyi hamkustahili. Msumari ni mmoja."

Akaingia sebuleni saa nane kamili, korongo mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, msumari mdomoni. Hapo alikuwapo pia Fundi Rangi, aliyeupaka ukuta ule na sasa amekuja kuchukua brashi zake. Lakini alipoiona nyundo aliketi, maana si kila siku mtu hupata tamasha la bure.

"Mzee," akasema, "huo msumari umeushika kama sindano ya daktari. Ukuta hautaumia."

"Fundi," akajibu Baba kutoka juu ya kiti, "wewe uliupa ukuta huu nguo. Mimi naupa pambo. Kila mmoja na aheshimu kazi ya mwenzake."

"Naiheshimu sana. Ila ukuta wenyewe ni wa zamani, lipu yake ni mchanga mtupu. Gonga polepole."

Baba akapiga pigo la kwanza. Ukuta ukanyamaza. Akapiga la pili, na msumari ukainamisha kichwa kwa adabu. Akaunyoosha kwa vidole, akavuta pumzi iliyojaa miaka tisa, akapiga la tatu.

Ndipo ukuta ukajibu. Ulianza kwa mnong'ono, mchanga ukichuruzika nyuma ya rangi. Kisha kipande cha lipu chenye upana wa sinia kikajiachia kizima kizima, kikapita mbele ya tumbo la Baba, kikapasukia miguuni mwangu. Vumbi likapanda. Lilipotua, palikuwa na shimo jekundu la matofali katikati ya rangi ya maziwa, na msumari haukuonekana popote.

"Basi," akasema Fundi Rangi.

Mama alikuja kutoka kwenye cherehani. Akatazama shimo, akatazama saa. Saa nane na nusu.

"Fundi, unaweza kuziba?"

"Kuziba naweza, mama. Kukauka ni Jumatatu."

Baba akashuka kitini. Hakujitetea. "Nilipewa tundu moja," akanena, "nami nimetoboa kubwa mno. Masharti niliyasikia mwenyewe na niliyakubali. Jambo hili limekwisha." Akatoa soksi ya kijivu mfukoni, akaanza kumvalisha korongo kuanzia mdomoni, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Wasikilizaji wangu, nimesoma vitabu vingi vya chuo vyenye habari za falme zilizoanguka, na hakuna hata kimoja kilichonifanya nigeuke nijifanye nafagia.

"Ngoja," akasema Mama. "Huyo ndege ana jicho?"

"Analo."

"Hebu." Akamtoa korongo kwenye soksi, akampeleka dirishani, akamgeuza huku na huku. Alikaa naye muda mrefu kuliko anavyokaa na kitambaa kabla ya kukikata. "Aliyefanya hivi alikuwa na mkono. Na huyu amekaa chini ya kitanda changu siku zote hizo?"

"Upande wako," akasema Baba. "Karibu na ukuta."

"Na wenzake wakoje?"

Baba alikimbia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: karani mstaafu alikimbia katika ukumbi wa nyumba yake, akarudi na sanduku kifuani.

Kuanzia hapo amri ilishikwa na Mama. Alilipima shimo kwa tepu, akatoa kabatini kipande cha mahameli ya bluu iliyokoza kilichobaki kwenye pazia la jukwaa la shule, na cherehani ikanguruma kama mvua juu ya bati. Alishona vitanzi kumi na kimoja. Kwa kila kisu aliuliza urefu, na Baba akamjibu kwa urefu, na asili, na jina la mji, na hali ya hewa ya siku kilipopatikana.

"Nimekuuliza urefu tu, baba watoto."

"Samahani. Inchi tisa."

"Hicho cha majani usikiweke juu. Kimetulia, kikae chini. Cha pembe kiende pembeni, kinapigia wenzake kelele. Korongo katikati." Naye akavishika vyote kwa kitambaa, kwa sababu Baba alimwomba mara moja, na mara moja ilitosha.

"Pale chini ya dari kuna ubao," akasema Fundi Rangi, ambaye sasa alikuwa amesimama. "Ubao hauna ukorofi. Misumari miwili inashika."

Mama akamtazama Baba. "Misumari miwili, basi."

Baba akapanda tena kitini. Akapiga, ubao ukapokea. Akapiga tena, ukapokea tena. Mahameli yakashuka juu ya shimo, na visu kumi na kimoja vikasimama mbele ya mwanga wa mchana kwa mara ya kwanza, kila kimoja kikiwa na uso wake.

Saa kumi Shangazi akaingia. Akapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, akakitazama, hakukuta kitu. Kisha akageuka, akasimama palepale alipokuwa.

"Haya makubwa. Na hivi visu ni vya nani?"

Baba alifungua mdomo. Hotuba aliyoitunga kwa miaka tisa ilikuwa imefika kwenye meno.

"Vya kwetu, wifi," akasema Mama. "Sogea karibu uone kazi. Ila usiguse bapa, kidole kinaleta kutu."

Na Shangazi, ambaye kidole chake hakijawahi kupangiwa mipaka na mtu, akakificha nyuma ya mgongo, akasogea.

Basi iandikwe na wote waandikao mambo makubwa, kwamba Jumamosi ile, saa kumi na dakika chache, watu watano walisimama mbele ya ukuta mmoja bila hata mmoja kukumbuka kuketi. Na kwamba Baba, alipoona kuwa ameachiwa nafasi ya kuhutubu, hakuhutubu, bali alisimama nyuma yao wote, akavitazama visu vyake juu ya mabega yao.